Mkusanyiko wetu wa magari ya kujiundia hapa Mombasa umepoa. Tuuamshe vipi?

Fundi wa Jioni:

Waungwana, salamu kwenu nyote.

Nianze na lawama ndipo nije kwenye shauri. Mkusanyiko wetu wa magari ya kujiundia na madereva wa ridhaa umegeuka maegesho. Watu wanafika, wanapanga magari mstari mmoja, wanafungua boneti, wanapiga picha. Lazima awepo mmoja wa kukanyaga mafuta palepale alipo hadi watoto wazibe masikio. Rimu mpya zinasifiwa, bei zinaulizwa, na jua likisimama utosini kila mtu anatafuta kivuli. Saa nane uwanja mweupe. Ukimuuliza mtu amejifunza nini siku hiyo, atakwambia mishkaki ilikuwa mizuri.

Mimi sina ugomvi na mishkaki. Ninachouliza ni nani hatumwoni. Kwanza hatuwaoni wanaounda kweli. Kisauni, Mikindani, Likoni, nyuma ya nyumba kuna watu wana chesisi juu ya matofali, injini ya Toyota imefunikwa turubai, na wamekwama kwa jambo dogo: bomba la breki, kiungo cha usukani, au karatasi za usajili. Hao wanaona haya kuja kwa sababu gari halijaisha. Pili ni madereva wanaotaka kukimbia. Hawa huja, hukaa kidogo, hupiga miayo, kisha usiku tunasikia wako barabara ya Dongo Kundu wanapimana ubavu katikati ya malori. Tukiendelea hivi tutazika mtu, na siku hiyohiyo mkusanyiko utafungwa, na watakaoufunga watakuwa na haki.

Shauri langu lina miguu miwili. Katikati ya uwanja, pale pa heshima, tuweke magari ambayo hayajaisha. Yaliyokamilika yakae pembeni, yanapendeza hata huko. Na upande mwingine tuweke koni na saa, dereva akimbie peke yake dhidi ya muda, si dhidi ya mwenzake.

Mtu ataniambia huo ni uzushi. Si uzushi, ndivyo jambo hili lilivyoanza. Uingereza walianzisha 750 Motor Club mwaka 1939 kwa ajili ya watu wenye Austin 7, gari dogo la bei rahisi, na wanachama wakawa wanafundishana kulichokonoa. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alijenga gari lake la kwanza mwaka 1948 juu ya Austin 7 kuukuu. Mwaka 1957 akatoa Lotus Seven, iliyouzwa pia kwa vipande kwa sababu mnunuzi akijiunganishia mwenyewe alikwepa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham wakachukua haki za kuitengeneza, na hadi leo unaweza kununua gari lao likiwa ndani ya masanduku. Yote hayo yalitoka kwa watu wenye vumbi la grenda kichwani.

Na tusiende mbali. Joginder Singh, dereva wetu wa Kenya, aliposhinda mbio za magari za Safari mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant, walikuwa ndani ya Volvo PV544 iliyokuwa imeshakimbizwa na wengine mwaka uliotangulia. Gari la mtumba! Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Akashinda tena 1974 na 1976. Nauliza, kwenye mkusanyiko wetu wa sasa, Joginder wa leo angekaa wapi na Volvo yake iliyochubuka?

Karibuni mchangie. Matusi pelekeni kwingine.

Gia Tatu:

Kaka, nakuheshimu, lakini hapo umekosea hesabu. Watu wanalipa kiingilio waone gari linalong'aa. Wadhamini pia, mwenye duka la tairi anataka bango lake lisimame karibu na gari zuri, si karibu na vyuma vyenye kutu na fundi aliyevaa kandambili. Ukiweka mifupa katikati, familia zitageuza gari mlangoni. Tena mimi nimetumia pesa nyingi kwenye rangi, leo unaniambia nikae pembeni?

Fundi wa Jioni:

Gia Tatu, rangi yako tunaijua na tunaipenda. Lakini jibu hili: umeshawahi kuona umati ukikaa saa nzima mbele ya gari lililoegeshwa? Watu hulizunguka, hupiga picha, huenda zao. Sasa mweke fundi anachomelea, au watu wawili wanashusha injini kwa winchi, uone kama utapata pa kupita. Sisi Mombasa hata lori likiharibika Makupa tunasimama kuangalia jeki.

Nitoe mfano mmoja wa meza ninayoitaka. Chesisi nyingi za namna ya Lotus Seven huundwa kwa skwea tyubu, yaani bomba la pembe nne, ya inchi moja, unene wa milimita 1.6. Ukiichoma kwa mkono mzito wa stiki, ile ya kuchomelea kwa fimbo, unaitoboa. Ukiogopa kuitoboa, mshono unakaa juujuu tu, unapendeza kwa macho lakini haukuingia. Basi mezani tuweke jiliwa, ile ya kubania chuma, na vipande viwili vilivyochomelewa na watu wawili. Kila kimoja kikabwe kwenye jiliwa, kivutwe kwa bomba refu hadi kipinde au kikatike. Mshono mbovu hukatika palepale kwenye kiungo, na ukiangalia ndani utaona chuma cha chini hakikuyeyuka, bado kina ule weusi wa kiwandani. Mshono mzuri, bomba lenyewe hupinda kwanza. Mtoto wa darasa la tano ataelewa bila kuelezwa, na baba yake hatapanda tena gari lililochomelewa ovyo. Mdhamini mwenye kuuza mashine za MIG, zile za kuchomelea kwa waya, atalipia meza hiyo bila kubembelezwa.

Abu Resini:

Mimi ni mtu wa boti, si wa magari, lakini uzi huu umenigusa. Miili ya magari yenu ni faibaglasi, na faibaglasi hapa Pwani iko mikononi mwa mafundi wa boti, kuanzia Mtwapa hadi Kilifi. Hakuna siku mtu wa magari alitualika. Badala yake mnajifunza kwenye video za watu wa nchi za baridi, halafu mnakuja kulia kuwa resini imeganda ndani ya mkebe.

Lazima igande! Yule kwenye video anafanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 18. Wewe uko Kongowea mwezi wa pili, nyuzi 32 kivulini, hewa imelowa. Dawa ya kugandisha ukiipima kwa kipimo chake, hata brashi hujaichovya mara tatu mkebe unatoa moshi. Sisi huanza alfajiri, tunachanganya kidogokidogo, dawa tunaipunguza bila kushuka chini ya kipimo cha chini cha mtengenezaji, maana ukizidisha ubahili resini haitakauka kabisa na itanata hadi Idi. Mkeka wa nyuzi uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu, utakuja kuona malengelenge.

Nipeni kivuli, meza na maji ya kunawa. Nitamwaga kipande cha taa ya mbele kwenye kalibu asubuhi na mchana tutakitoa watu wakiona.

Fundi wa Jioni:

Abu Resini, umeshaajiriwa, mshahara ni mahamri na mbaazi. Hili ndilo nililokuwa nikilitafuta. Na naomba uwafundishe na chumvi, maana huku gari haliliwi na barabara, linaliwa na upepo wa bahari. Bomba la chesisi huoza kwa ndani wakati nje bado rangi inang'aa. Ama lizibwe kabisa kila upande lisiingize hewa, ama liachiwe tundu la kutolea maji na limiminiwe mafuta ya kuzuia kutu ndani. Kuliacha nusu wazi ndio kulichimbia kaburi.

Mchanga Mweupe:

Swali langu ni fupi. Kwa nini tunahangaika na uwanja ilhali tuna ufuo? Bagi za ufukweni, yale magari mepesi ya mchangani, ndizo zilizofanya magari ya kujiundia yajulikane duniani. Bruce Meyers alitengeneza Manx yake California mwaka 1964, mwili wa faibaglasi, vyuma vya Volkswagen, akaipeleka mchangani. Sisi tuna mchanga kuliko yeye. Maji yakitoka, kuna njia nyeupe ndefu ya bure.

Binti Changamwe:

Mchanga Mweupe, bure kwa nani? Jumapili pale Pirates kuna watoto, kuna ngamia, kuna wauza madafu, kuna familia zimetoka bara kuona bahari kwa mara ya kwanza. Mbele ya ufuo huo iko hifadhi ya bahari ya Mombasa, imetangazwa tangu 1986, na kasa hutaga mchangani. Gari likipita juu ya kiota, mayai yamekwisha. Tena maji ya huku hayana simile, bamvua likiingia linapanda mita tatu na zaidi. Injini ikizimika wakati maji yanarudi, utaimba.

Mimi nafanya kazi karibu na yadi za makontena, basi niseme ninachokijua. Changamwe na Miritini ziko yadi pana, zimezungushiwa ukuta, zina geti moja na sakafu ngumu iliyojengwa kubeba trela. Mwenye yadi akiwa na sehemu tupu anaweza kuikodisha siku moja, ila mtabishana naye bei. Angalieni mambo mawili. La kwanza, kama ni kabro, yale matofali ya kutandaza chini, ikilowa mafuta au mvua inateleza kama sabuni. La pili, vumbi la mizigo na vipande vya waya wa kufungia makontena. Lazima pafagiwe kote, tena kwa mguu, watu wakitembea bega kwa bega. Waya mmoja kwenye tairi ndio mwisho wa siku yako.

Na kabla hamjafika kwenye koni, choo. Choo cha wanawake chenye maji na mlango unaofunga. Mara ya mwisho nilikuja na dada yangu, tukaondoka mapema kwa sababu hiyo tu. Mnauliza kwa nini wanawake hawaji kwenye magari, jibu halina ufundi wowote. Turubai za kivuli pia, na mahali pa kuswali, na spika ya muziki inyamazishwe adhana ikilia bila mtu kukumbushwa.

Gia Tatu:

Hapo kwa choo Binti amesema kweli. Mke wangu ndivyo alivyoniambia.

Mzee wa Koni:

Nimesimamia mbio za koni na otokrosi, yaani mbio fupi za kwenye vumbi, huko bara kwa muda, basi nichangie upande wa saa, kwa sababu nyinyi mmezungumza chuma tu.

Mbio za koni si mwendo. Ukiweka mstari mrefu umewapa vijana mahali pa kufa. Njia iwe ya kupinda, gia ya pili ndiyo iwe kubwa. Slalomu, yaani kupita kwa kupinda kati ya koni, koni ziachane mita 15 hivi kwa gari dogo, halafu mzunguko, halafu sanduku la kusimamia, gari lisimame ndani yake bila kugusa koni. Hilo sanduku la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, maana linamlazimisha dereva afike akiwa ametulia. Anayepita mstari kwa kasi bila kusimama sandukuni, muda wake unafutwa. Kila koni iliyoanguka inaongezewa sekunde. Gari moja tu njiani kwa wakati mmoja. Watazamaji wawe upande wa ndani wa kona, mbali, nyuma ya kizuizi kizito, kamwe wasikae mwisho wa mstari ulionyooka wala upande wa nje ambako gari hutupwa.

Ukaguzi ufanyike kabla, na asiyepita asikimbie hata akiwa mdhamini mkuu. Mkaguzi alale chini ya gari kweli. Nati za magurudumu zote zipo na zimekazwa. Betri haichezi na nguzo yake imefunikwa. Kanyagio la mafuta likiachwa linarudi lenyewe, na hili kwenye magari ya kujiundia ndilo linaloua, kwa sababu kebo hutengenezwa nyumbani na hukwama. Mafuta hayavuji. Breki inakamata magurudumu yote manne. Ipo swichi ya kukata umeme ambayo mtu wa nje anaifikia. Mtungi wa kuzimia moto umefungwa kwa chuma, si kwa kamba ya kiatu. Gari lisilo na paa liwe na keji ya mabomba inayopita juu ya kofia ya dereva.

Helmeti ya bodaboda mniachie nje. Hata ya pikipiki iliyo nzuri, ile yenye alama ya ubora ya Snell M, si sawa na ya gari. Ya gari ni SA, na kitambaa chake cha ndani kinahimili moto. Zikiwepo tatu za kuazimana, za ukubwa tofauti, na vitambaa vya kuvaa kichwani kwa ajili ya jasho, vijana hawana sababu.

Kwenye otokrosi ya Kenya hata watoto wana daraja lao, wanaliita Bambino. Nani kasema Pwani haiwezi?

Kiongozi wa Makaratasi:

Nasoma kimya, lakini naona mnakwenda mbio kuliko sheria. Mkishaweka saa, hayo ni mashindano. Shirikisho la Kenya Motor Sports Federation ndilo linalosimamia michezo ya magari nchini, kwa hiyo waandikieni mapema na muombe kibali chao. Msiitane mtaani halafu mkaita "mazoezi". Kaunti wapewe taarifa, pia kuna kibali cha kelele kwa mujibu wa kanuni za kelele za mwaka 2009. OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha eneo, ajue. Ambulensi iwe imesimama uwanjani injini ikiwa tayari, si namba ya simu kwenye karatasi. Msalaba Mwekundu na St John huwa wanakodishwa kwa shughuli kama hizi.

Bima: ile ya kawaida ya gari lako kwa kawaida huondoa mashindano na majaribio ya mwendo. Someni maandishi madogo. Ukigonga ukuta wa yadi, ukuta ni wako.

Na kuna jambo la wanaounda ambalo sijaona mtu akiligusa. Ukibadilisha injini au mwili wa gari, kitabu cha gari lazima kibadilike, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajulishwe na gari likaguliwe. Wengi hapa wana gari linalokwenda vizuri na kitabu kinachoongopa. Kuna anayetaka kuagiza gari la kuundwa kutoka nje kama gari zima, anasahau kuwa sheria ya kuingiza magari hairuhusu lililopita miaka minane tangu kusajiliwa kwanza, wala lenye usukani wa kushoto isipokuwa yale ya kazi maalumu. Tutenge meza moja ya makaratasi. Nitakaa mimi, mtu alete kopi zake, tuzipitie pamoja. Haina mvuto wa grenda lakini itaokoa pesa nyingi kuliko meza zote.

Mchanga Mweupe:

Haya, ufuo nimeuacha. Lakini bagi yangu itaruhusiwa kwenye koni?

Mzee wa Koni:

Ikipita ukaguzi karibu. Mzigo wa Manx uko nyuma, ukiachia mafuta ghafla kwenye kona itakuzungusha, na ndiyo maana nataka nafasi kubwa kwenye kona. Daraja tutalipanga kwa magurudumu yanayovuta na uzito, gari la kilo 500 halipimwi na Subaru.

Gia Tatu:

Uzito mtaujuaje? Kila mtu hapa anasema gari lake ni jepesi.

Fundi wa Jioni:

Gia Tatu, hapo umetoa wazo bila kujua. Tuwe na mizani! Kila gari linaloingia lipimwe mbele ya watu, watazamaji wabashiri kilo kabla ya kupimwa, aliyekaribia apewe kilo ya nyama. Nawaahidi mtaona magari yanayojigamba yakizama.

Nimesoma yote, niseme pale nilipofika. Tarehe: mwezi wa Agosti au Septemba, kusi likiwa limepungua na joto halijarudi. Mwezi wa tano tusithubutu, mvua itatufagia, na Januari hadi Machi resini ya Abu haitashikika. Pia tukwepe Ramadhani, kila mwaka inasogea, mtu aangalie kalenda kabla hatujalipa chochote. Siku iwe Jumapili, lakini koni zianze saa moja asubuhi na zifungwe saa tano. Jua likishika tusiwe na mtu ndani ya helmeti. Kuanzia saa tano hadi saa tisa ni meza: jiliwa, resini, makaratasi, chakula. Wanaotoka kanisani watakuta meza zimepamba moto, na saa tisa koni zirudi kwa mzunguko mmoja wa mwisho.

Kiingilio, napendekeza anayeleta gari lisilokamilika, hata likija juu ya mkokoteni, aingie bure na asaidiwe mafuta ya lori la kulibeba kutoka mfuko wa kiingilio. Waliokamilika tulipe. Gia Tatu najua utanuna.

Gia Tatu:

Sinuni. Nitalipa, ila nataka na mimi mahali pa kupanga magari yaliyokamilika kwa uzuri, kivulini, na majaji kama wale wa Concours, mashindano ya umaridadi wa magari, pale Ngong Racecourse Nairobi, wanaoangalia hadi chini ya kapeti. Rangi nayo ni kazi ya mikono, msituzike.

Fundi wa Jioni:

Umepata. Majaji wawe mafundi rangi wenyewe, si wadhamini. Na mwenye gari asimame aeleze alivyofanya, akishindwa kueleza alama zinapungua. Hilo litawatenga walionunua na waliojifanyia kazi wenyewe.

Vijana wa Dongo Kundu mnaosoma uzi huu bila kuchangia, najua mpo. Njooni mpimwe na saa mchana. Mshindi ataandikwa ubaoni kwa jina lake na muda wake, wala hakuna wa kubishana naye maskani wiki nzima. Atakayeonekana barabarani usiku huohuo, muda wake unafutwa ubaoni.

Tulichobakisha ni yadi na mizani. Binti Changamwe ameomba wiki moja aongee na mwenye yadi. Mizani ya kupimia gari, nani anayo au anamjua mwenye nayo?

Mzee Chuma Chakavu:

Mizani ninayo, ya jukwaa, ya kupimia vyuma. Gari dogo litapanda ekseli moja moja, mtajumlisha wenyewe. Sitaki malipo, lakini mje na lori na watu wanne wenye nguvu, na iwe imerudi kwangu Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi, wateja wangu hawangoji. Na hiyo kilo ya nyama, mwenye mizani naye anaruhusiwa kubashiri?